Filimbi Iliyong'aa Kupita Kiasi

Ninyi mnaochukua ufunguo wa kabati la bendi, naweni mikono kwanza ndipo msome. Sitanii. Kazi yote niliyoifanya kwenye lile kabati ukiikamua inabaki hiyo tu: mikono misafi, kitambaa kikavu, na kutokuwa na haraka. Mengine yote ni hadithi.

Mzee Marwa amewaambia kuwa nimestaafu. Najua mmecheka. Mtu aliyemaliza kidato cha nne juzi, hana hata unywele mmoja mweupe, anastaafu nini? Lakini nimepangiwa kidato cha tano shule ya mbali, na kabati haliwezi kunifuata kwenye basi. Nimelitunza tangu nikiwa kidato cha kwanza. Hapa kanisani kwetu Turwa hakuna aliyelitunza muda mrefu hivyo, maana vijana wetu wakishaota misuli kidogo tu wanakwenda machimboni. Kwa hiyo mstaafu mliye naye ni mimi. Mzee Marwa alitaka niwaeleze kwa mdomo, Jumamosi, mbele ya bendi nzima. Nikamwambia nitaandika. Akatikisa kichwa akicheka, kwa sababu ananijua.

Kabati nililipata kwa sababu ya aibu. Mama alinipeleka kwaya. Siku ya kupimwa sauti nikasimamishwa mbele niimbe peke yangu, na sauti ikakataa kutoka. Wanakwaya wote wakainama kuangalia viatu vyao, na hilo lilinichoma kuliko kama wangenicheka. Mzee Marwa, mwalimu wa bendi ya matarumbeta, alikuwa amekaa benchi la nyuma akifuta vyombo vyake. Alinipungia mkono. Nilipofika hakuniuliza jina, alinikabidhi kitambaa na tarumbeta. Nilifuta mpaka kwaya wakaenda nyumbani. Jina langu, Ghati, alikuja kuliuliza wiki iliyofuata. Alisema vyombo vya muziki vina uzuri mmoja, havimlazimishi mtu kuongea.

Sasa filimbi. Humo kabatini mtakuta matarumbeta, ngoma mbili, na kiboksi cheusi kirefu. Ndani ya kiboksi kuna filimbi ya kizungu, ile ya kushikwa kwa ubavu, wenyewe wanaiita fluti. Iko moja tu, na hakuna nyingine Tarime nzima ninayoijua. Ililetwa na wageni kabla sijazaliwa. Nilipoikuta mimi ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Kufuli la kiboksi lilikuwa limevunjika, na watu wakakifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga kuni, miguu ya kuku, mlango wa choo, kila kitu. Vipande vingine vya mpira viliwekwa ndani kabisa ili filimbi isicheze.

Mzee Marwa alinituma niipeleke kwa Fundi Idi. Huyu ni sonara mwenye kijiduka karibu na soko pale mjini. Baba yake alitoka Tanga, yeye amezaliwa hapahapa, anaongea Kiswahili cha kuteleza na Kikurya cha kugombana. Nilimwamkia shikamoo, akasema marahaba binti, karibu. Mimi baada ya shikamoo nilikuwa nimeishiwa. Nikaweka kiboksi mezani.

Alikifungua akakinusa. Kisha akauliza kwa upole kabisa nani alifunga kwa mpira. Akasema, "Binti, fedha ukiilaza na mpira inaamka imenuna."

Hilo ndilo somo langu la kwanza nami nawapa kama lilivyo. Weusi wa filimbi si uchafu, ni fedha yenyewe imebadilika kwa hewa mbaya. Mpira unaifanya hivyo. Moshi wa kuni unaifanya hivyo. Mayai yaliyooza, hata yakiwa chumba cha jirani. Na jasho la mtu. Wengine wana jasho kali na wengine halina neno, ni maumbile, usimcheke mtu. Mkitaka kuichelewesha, wekeni kipande cha chaki ndani ya kiboksi, ile ile ya ubaoni. Chaki inakunywa unyevu. Ikilainika mbadilishe. Walimu hawawezi kukosa kipande cha chaki.

Nilitegemea Fundi Idi aisafishe mwenyewe. Lakini alipomimina chai niliona kwa nini haiwezekani. Nusu ya chai iliingia kikombeni, nusu mezani. Mkono wake unatetemeka, na sokoni wana utani wao kwamba Fundi Idi hahitaji kijiko, sukari inajikoroga yenyewe. Yeye ndiye anayecheka wa kwanza. Siku hiyo hakunieleza chochote. Alinipa bisibisi ndogo kama ya saa akasema, "Mimi nitakuwa macho, wewe utakuwa vidole." Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Yeye anakaa na chai yake, mimi nafungua.

Filimbi ina vipande vitatu: kichwa, ambako ndiko mdomo unakaa, mwili, na mkia. Mwilini ndiko kwenye vitufe, na chini ya kila kitufe kuna pedi, kijimto kidogo laini kinachoziba tundu. Pedi ikilowa inavimba, tundu halizibiki, filimbi inapumua kama mgonjwa wa pumu. Kwa hiyo msije mkaitumbukiza filimbi kwenye maji hata mkishauriwa na nani. Skrubu zinafanana lakini si ndugu. Mimi nilikata kipande cha godoro, kila skrubu niliyotoa niliichomeka mahali pale pale ilipotoka, kama mchoro wa filimbi iliyolala. Siku moja mdogo wangu alikaa juu ya godoro lile. Sitaki kueleza jioni ile ilivyokuwa.

Weusi unautoa kwa kitambaa laini cha pamba na subira. Fulana iliyochoka ndiyo nzuri, ikiwa haina mshono. Mahali pagumu unaweka magadi ya kupikia yaliyolowa kidogo tu, unapitisha kidole, unafuta, unakausha, na usikaribie pedi. Majivu hapana. Stili waya hapana. Dawa ya meno wengi wanaisifu, mimi niliijaribu kwenye mkia ikaacha mikwaruzo mpaka leo mtaiona.

Na hapa sikilizeni, kwa sababu bila hili hamtaelewa yanayofuata. Filimbi yetu si fedha mpaka ndani. Ndani ni shaba ya njano, fedha imepakwa juu tu. Kila unapong'arisha unakula kidogo ile iliyopakwa. Pale kwenye kichwa, mdomo unapoegemea, wapigaji wa zamani walishaila yote, kukawa na doa la njano kubwa kama punje ya hindi. Nililiona siku nilipomaliza kusafisha kichwa, nikadhani nimeharibu. Fundi Idi akasema hapana, hilo ni kovu la kazi, liache. Hakuna kitambaa cha kurudisha fedha iliyokwisha. Nikaacha filimbi ikiwa safi, lakini ya kijivu, haimeremeti. Iko hai, haitafuti sifa.

Mpigaji alikuwa Robi, msichana wa Nyarero, darasa moja na mimi. Kila Jumamosi anakuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Robi kila kitu chake ni kwa sauti, kucheka, kugombana, hata kunong'ona kwake kunasikika barabarani. Lakini akiweka filimbi mdomoni anakuwa mtu mwingine. Alijifunza peke yake kwa kusikiliza redio na kwa kumsikiliza babu yake apigaye iritungu, lile zeze letu la Kikurya, na nyimbo za kitabu akizipiga zinatoka na mguu wa kucheza ndani yake. Mimi nilifuta, yeye alipiga. Tulikuwa marafiki kwa njia hiyo, yeye akiongea kwa ajili yetu wote wawili.

Pedi ilipokuwa ikinata aliniita, "Ghati, inalia kwik kwik." Pedi inayonata unachukua karatasi nyembamba sana, unaipitisha chini ya kitufe, unabonyeza polepole, unavuta. Karatasi nyembamba kuliko zote niliyoijua ilikuwa kwenye kitabu chetu cha nyimbo. Nilichana ukurasa wa mwisho, ule mtupu, nadhani ulikuwa mtupu. Robi akachana mwingine, na huo haukuwa mtupu. Kuna wimbo mmoja wa toba bendi yetu haiupigi, na Mzee Marwa bado anatafuta nani alikula nota zake.

Sasa dhahabu. Mlipuko, ndivyo wachimbaji wanavyoita dhahabu ikionekana mahali papya, ulitokea upande wa Serengeti, njia ya kwenda Mugumu, shamba la mtu ambaye alikuwa anachimba shimo la choo. Ndani ya wiki mlima ule ulikuwa na watu kuliko mnada wa ng'ombe. Bendi ilibaki nusu. Wapiga ngoma wote wawili walikwenda, tukawa tunaandamana kama watu wanaokwenda msibani. Waliobaki walikwenda wakati wa likizo, na mmoja wao ni Mwita, mpiga tarumbeta, ambaye mjomba wake alikuwa na mwalo kule, yaani mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu. Mwita alirudi na viatu vipya na maneno mapya. Ni mtu wa roho nzuri, nawaambia mapema, ili msimchukie.

Hela za dhahabu zilipoingia mjini, kila mtu alianza kuona vitu kwa jicho la kuuza. Mwenyekiti wa baraza la kanisa, Mzee Nyamhanga, alikuwa anataka bati za kanisa. Si mtu mbaya. Mvua ikinyesha ibada yetu inasimama, hatusikii hata mahubiri, na upande wa akina mama panavuja. Mnajua Jumapili ya mavuno kwetu baada ya ibada kuna mnada, kuku, maboga, mtama, mbuzi, vyote vinapanda mezani. Mzee Nyamhanga akapata habari kwamba wanunuzi wa dhahabu watakuja mnadani, na kwamba siku hizi wanachukua na madini ya fedha. Akaja kabatini, akatazama filimbi, akauliza huyu wa kijivu anapigwa lini maana yeye hajawahi kumsikia. Kweli hakuwa amemsikia, matarumbeta yanaimeza. Akasema itapanda mezani siku ya mavuno. Mzee Marwa alimbembeleza. Mwishowe Mzee Nyamhanga akakubali jambo moja: atakuja mazoezini asikilize, na kama kweli chombo hiki kina kazi, atazungumza na baraza.

Robi alinywea. Alisema tu kwamba ikiuzwa yeye haji tena, atatoka Nyarero aje kufanya nini, kupiga makofi? Nyumbani kwao walikuwa wameanza kumwambia aende mlimani akapike chakula cha wachimbaji, na Jumamosi ya bendi ndiyo ilikuwa sababu yake ya kukataa.

Mwita alisikia yote hayo. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma fundi mbovu. "Ghati, hiyo ndiyo kusafisha? Mzee anataka kuona kitu kinawaka. Hii yako inafanana na kijiko cha hoteli."

Nilitaka kumweleza habari ya fedha iliyopakwa. Sentensi ilikuwa ndefu, nikaiacha.

Siku ya mazoezi nilichelewa kidogo, mama alikuwa na wageni. Nilipofika bendi ilikuwa imeshasimama uwanjani, Mzee Nyamhanga amewekewa kiti, na Robi ameshika filimbi. Kichwa cha filimbi kilikuwa kinawaka. Si kung'aa kwa kawaida, kilikuwa kama kioo, kama maji yaliyosimama. Mzee Nyamhanga mwenyewe alikuwa anatabasamu. Mwita naye alikuwa anatabasamu, ana kitambaa mfukoni.

Niliangalia mahali pa doa la njano. Halikuwepo. Palikuwa peupe.

Mnakumbuka nilichosema, hakuna kitambaa cha kurudisha fedha. Na hapo nikaona kwenye kona, pale kibati cha mdomo kinapoungana na bomba, vishanga viwili vidogo vinavyotetemeka. Zebaki. Ile ya mwaloni, inayokamata dhahabu mchangani. Watoto wa kule wanapaka sarafu zing'ae, ni mchezo wao. Mwita alikuwa ameileta kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akaja mapema, akasugua kichwa chote kwa ajili yetu.

Nilikuwa najua habari ya zebaki kwa sababu ya ile chai. Siku moja, nikiwa nimeshamzoea, nilimwuliza Fundi Idi kuhusu mkono wake. Alinieleza bila kuficha. Alipokuwa kijana kulikuwa na mlipuko mwingine huku kwetu, na wachimbaji walimletea dhahabu iliyoshikana na zebaki aichome. Alichomea dukani, kwenye jiko la mkaa, mlango umefungwa ili watu wasione mali. Alisema, "Moshi wake hauna harufu, ndiyo maana hauna adabu. Ungenuka ningekimbia." Kutetemeka kukaanza na kidole kimoja. Sonara asiyeweza kushika pete.

Robi alikuwa anainua filimbi. Nilikusudia kuita. Sauti ikakataa kama siku ile ya kwaya. Miguu ndiyo iliyokwenda. Nilipita katikati ya matarumbeta, nikashika ile filimbi kwa upindo wa sketi yangu na kuivuta kutoka mdomoni kwake kabla hajapuliza.

Robi alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. "Una wivu wewe? Siku zote hizi kumbe una wivu?"

Mzee Nyamhanga akauliza huyu si yule binti bubu, leo amepatwa na nini. Wengine wakaanza kucheka. Na mimi nimesimama hapo, filimbi imefungwa kwenye sketi, goti liko nje, macho yote kwangu. Ningeweza kukimbia nayo. Nilifikiri hivyo, kusema kweli. Lakini ningekimbia bila kueleza, siku nyingine Mwita angesugua na mwili wa filimbi.

"Ni zebaki," nilisema. Ilitoka ndogo. Nikarudia. "Imepakwa zebaki. Robi, usilambe midomo, nenda ukanawe."

"Kidogo tu," Mwita akasema. "Kule tunaishika kila siku kwa mkono mtupu, mbona hatujafa?"

"Mura, hujafa," nikamwambia, kama tunavyowaita vijana wetu. "Nenda kamwangalie Fundi Idi akinywa chai."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu pale alikuwa amewahi kucheka ule utani wa kijiko, na niliona ukiwageukia mmoja mmoja. Mwita akatoa mikono mifukoni akaitazama. Mzee Marwa alishaenda kuleta maji na sabuni. Robi alinawa mdomo, mikono, uso, mpaka nikamwonea huruma, kisha akapelekwa zahanati, na mganga akamkagua akasema aliwahiwa. Mwita naye alinawishwa, na kichupa chake kikachukuliwa.

Kile kichwa hakikupona, na nataka mjue hivyo. Mwita alishauri tukichome zebaki itoke, kama wafanyavyo na dhahabu. Fundi Idi alipoletewa habari alikuja mbio na mkongojo wake kutuzuia. Zebaki ikishaingia kwenye fedha haifutiki, na ukiichoma unaivuta wewe. Tulikitia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, pamoja na kitambaa, kichupa na sketi yangu ya shule, tukaziba kwa gundi ya karatasi. Bwana afya akaja kuichukua. Mama alikasirikia sketi kuliko yote.

Kwa hiyo tukabaki na filimbi isiyo na kichwa, na Mzee Nyamhanga ambaye hakusikia hata nota moja. Akasema basi, mwili uliobaki utapanda mezani, mali ya kanisa isioze. Safari hii nilizungumza naye mwenyewe. Baada ya kupiga kelele uwanjani ilikuwa rahisi kidogo, kama mtu aliyeshalowa haogopi mvua. Nilimwomba angoje mpaka siku ya mavuno ifike, akisikia na bado anataka kuuza, auze. Alinitazama sana. Akasema, "Kumbe unaongea," akakubali.

Kichwa tulikipata Isebania. Shangazi yangu Weisiko ameolewa huko, ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya, ni mpishi wa shule moja, na mama alikumbuka kumsikia akisema pale wana vyombo vya bendi vimelala stoo. Filimbi yao ilikuwa imekanyagwa na gari la maji. Mwili ulikuwa bapa kama chapati, kichwa kizima. Mwalimu wao alituambia, "Hiyo kitu haina kazi hapa, chukueni tu." Kurudi Sirari, askari mmoja alikitoa kwenye mkoba wa mama, akachungulia kwa jicho moja, akauliza ni bomba la nini. Mama akasema la kanisa. Akalipuliza, likamtolea upepo mtupu, akalirudisha akiwa ameudhika kidogo. Nilipofika nyumbani nilikisugua kichwa kile kwa spiriti kwa bidii kuliko kawaida.

Hakikutosha. Kilicheza kwenye mwili kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Fundi Idi akasema tusikate, tusibane, tusipige nyundo. Akaniagiza kwa fundi bomba, tepu nyeupe ile ya kuzungushia koki. Mzunguko mmoja, jaribu. Mwingine, jaribu. Ukizidisha unapasua. Kikakaa. Kilikuwa cha rangi nyingine kabisa, cheupe juu ya mwili wa kijivu, na Robi, ambaye alikuwa amekwisha kunisamehe kwa kelele nyingi, alisema inafanana na kuku aliyeazima kichwa. Sauti nayo ilikuwa juu kidogo. Alikivuta nje unene wa kidole, akapuliza, akasikiliza, akavuta tena. Wala hakuniangalia. Ndipo nilipojua imepona.

Siku ya mavuno nota ya kwanza ilipasuka, kusema ukweli. Ilitoka kama kifaranga. Robi akashusha filimbi, akalowanisha midomo, akaanza upya, na Mzee Marwa akawaambia matarumbeta yanyamaze kabisa. Alipiga wimbo wa mavuno ambao hata watoto wanaujua, na katikati akaingiza ule mguu wa kucheza wa babu yake. Akina mama wa upande unaovuja wakaanza kutingisha mabega. Mzee Nyamhanga alikaa akiwa ameinamia fimbo yake. Hakupiga makofi.

Baada ya ibada alituita pembeni. Alisema amesikia, na kama ingekuwa yake peke yake angeiacha. Lakini baraza lilishaitangaza, watu wametoka mbali, hawezi kuficha kitu kilichotangazwa madhabahuni. Akaibeba mwenyewe. Ikalala mezani kati ya boga na jogoo aliyefungwa miguu.

Mnunuzi mmoja mwenye kofia pana aliianzishia bei. Aliipima mkononi, akakwangua mkia kwa ukucha, akamtazama Fundi Idi ambaye alikuwa amesimama nje ya uzio kwa heshima. Fundi Idi akamwambia kweli, hiyo ni shaba iliyovaa shati la fedha. Yule akapunguza moyo lakini hakuacha, alisema atatafuta la kuifanyia. Mwingine akapandisha. Robi alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu mpaka unauma.

Halafu sauti ikatoka nyuma, ikapandisha juu yao wote. Alikuwa Mwita. Kando yake walisimama wale wapiga ngoma wetu wawili waliopotelea mlimani, bado wana udongo kwenye nywele, na walikuwa wanachangishana wakinong'onezana. Mwenye kofia akaongeza. Mwita akaongeza. Mwenye kofia akaitazama tena filimbi, akatazama wale vijana, akatikisa kichwa akageukia mbuzi.

Mzee Nyamhanga aligonga meza. Mnaijua desturi, mtu akinunua anaulizwa kama anakirudisha mezani kiuzwe tena, kwa faida ya kanisa. Akamwuliza.

"Hairudi mezani," Mwita akasema. "Bati tutatafuta. Hii inarudi kabatini."

"Mura, umenunua kitu halafu unakiacha hapahapa?"

"Ndiyo. Robi akiitaka ataikuta."

Watu wakacheka, na Mzee Nyamhanga akacheka nao, na Robi akaanza kulia kwa sauti yake ile ya barabarani. Mwita akaja mezani. Alitoa leso mpya mfukoni, akafuta viganja, kila kidole. Kisha akaichukua ile filimbi kutoka kati ya boga na jogoo, akaishika juu kabisa, pale pasipo na vitufe, ambapo hata ukibana hakuna kinachopinda. Wageni wote huishika katikati. Sikuwahi kumwonyesha. Ina maana siku zote zile alipokuwa akinidhihaki alikuwa ananiangalia mikono.

Basi na ninyi ishikeni hapo hapo.